Kobe, Vipande na Paka: Tarehe ya Watoto Kuiamrisha Kompyuta

Katika mwaka wa 1967 kompyuta ilikuwa mali ya serikali, majeshi, mabenki makubwa na vyuo vikuu vyenye fedha. Ilikaa katika vyumba maalumu vilivyotiwa baridi, ikahudumiwa na mafundi waliosomea kazi hiyo, na wanazuoni wenyewe walipanga zamu ili kuipata. Aliyesimama wakati huo akasema kwamba mashine hiyo wapewe watoto wa shule ya msingi, tena si kwa kuitazama bali kwa kuiamrisha, hakuwa mbali na kuhesabiwa mwenda wazimu. Walakini rai hiyo ilitolewa, na ilitolewa kwa dhati, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, na watu wachache ambao kwa sababu ya kazi yao watoto wa leo, kutoka Boston hadi Kigali, hutunga michezo na katuni kwa kuunganisha vipande vya rangi juu ya kioo cha kompyuta, bila ya kuhangaika na zile alama na vituo ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa kizuizi mlangoni mwa ilmu hii.

Mahali penyewe palikuwa kampuni ya Bolt, Beranek and Newman, ambayo ilianza kwa taaluma ya sauti kabla ya kuingia katika kompyuta. Humo Wallace Feurzeig aliongoza kikundi kilichoshughulika na elimu, Cynthia Solomon na Daniel Bobrow walikuwa hodari wa kutunga programu, na Seymour Papert alikuwa mshauri aliyetoka katika chuo cha MIT kilicho jirani. Hao wanne ndio wazazi wa Logo, lugha ya kompyuta iliyotungwa makusudi kwa ajili ya watoto. Wala haikuwa lugha duni iliyopunguzwa nguvu kwa kuwa watumiaji wake ni wadogo, kama ilivyo desturi ya wakubwa kumgawia mtoto kilichobaki; ilichimbuka katika LISP, lugha iliyotumiwa wakati huo na wanazuoni wa akili bandia, na uwezo waliokuwa nao wanazuoni hao wa kuzalisha amri mpya kutokana na amri za zamani aliachiwa mtoto wa miaka kumi autumie apendavyo.

Papert alistahili kuwa na rai hiyo kuliko wenzake, maana safari yake ilikuwa ndefu na ya kugeuka-geuka. Alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka wa 1928, akasoma Johannesburg, akaupinga ubaguzi wa rangi wakati wa ujana wake, kisha akahamia Uingereza kuendelea na hisabati. Katika dibaji ya kitabu chake Mindstorms, kilichotoka mwaka wa 1980, anasimulia kwamba hata kabla hajatimiza miaka miwili alishikwa na mahaba ya motokaa, hasa gia zake, na kwamba baadaye alipofundishwa kuzidisha na milinganyo alizielewa hesabu hizo kwa kuziona gia zikizunguka katika fikra zake. Kuanzia mwaka wa 1958 hadi 1963 alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, bingwa wa Uswisi aliyetumia umri wake kuchunguza jinsi akili ya mtoto inavyokua, na aliyeshikilia kwamba mtoto hapokei maarifa yaliyokwisha kutengenezwa bali huyaunda mwenyewe kwa kushika, kujaribu na kukosea. Papert aliikubali hoja hiyo akaiongezea yake: kama mtoto huunda maarifa, basi apewe kitu cha kuundia, na yeye aliyepata gia alitaka kila mtoto apate gia zake. Kompyuta, kwa kuwa hugeuka ikawa chochote inachoamriwa kuwa, ndiyo aliyoiona inafaa kwa watoto wote licha ya tofauti za mapenzi yao.

Logo ya kwanza haikuwa na picha hata moja. Watoto wa Massachusetts walioijaribu katika kiangazi cha mwaka wa 1967, na wale wa shule ya Muzzey huko Lexington walioisoma mwaka mzima wa 1968 hadi 1969, waliitumia kuchezea maneno na hesabu: kutunga sentensi za kubahatisha, kugeuza maneno kuwa mafumbo, kuitengenezea kompyuta maswali. Katika shule hiyo ya Muzzey, Papert alikuwa akipita kila siku karibu na darasa la sanaa ambamo wanafunzi walichonga sanamu za sabuni, na aliona kwamba kazi hiyo ilichukua majuma, kwamba kila mmoja alichonga alichokitaka, kwamba walisimama kutazama kazi za wenzao na kurudi kwenye zao na fikra mpya. Kisha akaingia katika darasa la hisabati akakuta watoto wale wale wanasubiri kengele. Tangu hapo azma yake ikawa kuleta hisabati inayochongwa. Mimi huliona tukio hilo dogo kuwa ndilo mwanzo halisi wa habari yetu, kuliko kuzaliwa kwa mashine yoyote.

Jawabu lake lilikuwa kobe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mwanazuoni wa ubongo aitwaye W. Grey Walter alikuwa ameunda mjini Bristol, Uingereza, mashine mbili ndogo zilizotambaa sakafuni zikifuata mwanga, akaziita kobe, na jina hilo ndilo waliloliazima watu wa Logo walipounda mashine yao wenyewe ya magurudumu, iliyounganishwa na kompyuta kwa waya na kubeba kalamu tumboni. Kobe huyo alijua machache mno: kwenda mbele, kurudi nyuma, kugeuka kulia, kugeuka kushoto, kushusha kalamu na kuinyanyua. Mtoto akimwambia aende mbele hatua 100 na kugeuka kulia nyuzi 90, na kumwamuru arudie hayo mara 4, mraba huonekana kwenye karatasi. Baadaye kobe alipanda juu ya kioo akawa alama ndogo ya pembetatu, kwa kuwa kobe wa sakafuni alikuwa ghali na kobe wa kioo hana gharama, lakini tabia yake haikubadilika.

Yafaa tukae kidogo na kobe huyu, maana ndani yake mna siri ambayo vipande vya leo vimeirithi nzima. Mwalimu wa kawaida akitaka kufundisha duara huanza na kitovu, nusu kipenyo na mlinganyo wenye herufi mbili, mambo ambayo mtoto hana pa kuyashika. Lakini mtoto wa Logo akiuliza namna ya kuchora duara huambiwa asimame, ajifanye kobe, atembee duara sakafuni na aseme anachokifanya. Hutembea kidogo akageuka kidogo, akatembea kidogo akageuka kidogo, na hapo hapo hugundua amri yenyewe: hatua 1 mbele, nyuzi 1 kulia, mara 360. Hisabati iliyokuwa kitabuni imepita katika miguu yake. Na kama badala ya nyumba kobe amechora kitu kisichofanana na chochote, paa likiwa limeingia sebuleni, hakuna alama nyekundu ya mwalimu wala aibu mbele ya darasa. Lililopo ni swali tu la amri gani iliyompoteza kobe, nalo hujibiwa kwa kuzifuata amri moja baada ya moja mpaka lile kosa lionekane na kusahihishwa. Papert aliamini kwamba tabia hii ya kulitazama kosa kama kitu cha kutengenezwa ina faida kubwa kuliko duara na mraba, na ni vigumu kumkanusha.

Hata hivyo kizuizi kimoja kilibaki. Amri za kobe ziliandikwa kwa kibodi, na mtoto aliyesahau nafasi baina ya neno na tarakimu, au aliyekosea herufi moja, alijibiwa kwamba kompyuta haijui alitakalo. Mtoto asiyejua kusoma hakuwa na njia kabisa. Aliyelishughulikia jambo hilo kwanza alikuwa Radia Perlman, mwanafunzi wa MIT, ambaye katikati ya miaka ya 1970 aliwatengenezea watoto wasiojua kusoma, hata wa miaka mitatu na nusu, vyombo viwili: sanduku la vitufe vya kumwongoza kobe, na mashine yenye safu za matundu ya kutia kadi, kila kadi ikiwa na amri moja. Mtoto alizipanga kadi katika safu, akabonyeza kitufe, na mashine ikazitekeleza kwa zamu. Tena kila safu ilikuwa na rangi yake, na kadi ya rangi ikitiwa katika safu nyingine iliita safu nzima ya rangi hiyo. Hapa programu imekuwa kitu cha kushikwa mkononi, hakuna kibodi wala tahajia, na hii ni zaidi ya miaka thelathini kabla ya paka maarufu ambaye tutamfikia. Perlman mwenyewe aliiacha kazi hiyo, akihofu kwamba mambo ya watoto yangemwondolea heshima ya mwanasayansi, akaenda kuvumbua kanuni ambayo mitandao ya kompyuta huitegemea mpaka leo ili habari zisizunguke bila ya kikomo. Dunia ilipata mitandao mizuri, watoto walingoja.

Wakati huo huo mafundi wa fani nyingine walikuwa wakifika mahali pale pale kwa njia yao. Ivan Sutherland alionyesha mwaka wa 1963, kwa programu yake ya Sketchpad, kwamba mtu aweza kuchora moja kwa moja juu ya kioo cha kompyuta. Kaka yake William akaandika mwaka wa 1966 tasnifu juu ya kueleza kazi za kompyuta kwa michoro. Na mwaka wa 1975 David Canfield Smith akatoa Pygmalion, ambamo programu ilitungwa kwa kushika na kusogeza picha. Haya yalikuwa mambo ya wakubwa, na sitayarefusha. Mmoja tu nitamtaja zaidi, naye ni Alan Kay, aliyezuru watoto wa Papert huko Lexington mwaka wa 1968 akaondoka na yakini kwamba kompyuta ya baadaye itakuwa chombo cha mtoto cha kubeba mkononi. Kutokana na yakini hiyo yeye na wenzake wa maabara ya Xerox, California, walizaa lugha ya Smalltalk, ambayo kizazi chake kitaonekana tena mbele.

Miaka ya 1980 ilipoingia, kompyuta ndogo zilienea majumbani na shuleni, na Logo ikaenea pamoja nazo, Marekani, Ulaya na kwingineko. Hata Dakar, mji mkuu wa Senegal, watoto walimwongoza kobe mwanzoni mwa muongo huo katika mradi wa serikali ya nchi hiyo na taasisi moja ya Paris. Kisha shauku ikapoa. Sababu ni nyingi, lakini iliyo kubwa kwa maoni yangu ni kwamba shule zilikichukua chombo cha kuchongea zikakifanya somo: kompyuta zikakusanywa katika chumba kimoja, zikapangiwa saa moja kwa juma, kobe akatungiwa mtihani, na mraba ambao zamani mtoto aliugundua sasa akaunakili kutoka ubaoni. Papert aliyalalamikia hayo kwa uchungu katika kitabu chake cha mwaka wa 1993, The Children's Machine. Mradi wowote wa leo wa kuwafundisha watoto kutunga programu hauna budi kuisoma sura hiyo kwa makini, kwa kuwa haijafungwa.

Wokovu ulitoka nje ya shule. Mitchel Resnick, aliyekuwa mwandishi wa habari za biashara na teknolojia kabla ya kuwa mwanafunzi na baadaye mrithi wa Papert, alifungua pamoja na Natalie Rusk na wenzao, mwaka wa 1993, klabu katika Jumba la Makumbusho la Kompyuta mjini Boston, mahali ambapo vijana wa mitaa maskini waliweza kuingia bila ya malipo baada ya saa za shule na kufanya walichokipenda. Hakuna mtihani hapo, kwa hiyo waliyoyapenda yalidhihirika upesi: walitaka michezo, katuni, muziki na hadithi zenye picha zinazotembea, na vyombo vilivyokuwapo kwa kazi hizo vilikuwa vya mafundi. Katika maabara ya MIT, Andrew Begel alikuwa amekwisha onyesha mwaka wa 1996, kwa kazi yake iliyoitwa LogoBlocks, kwamba amri za Logo zaweza kuvikwa maumbo ya vipande vinavyoshikana juu ya kioo. Dhana hiyo ilitumika kwanza kuamrisha matofali ya kuchezea ya Lego yaliyotiwa kompyuta ndani. Resnick na wenzake wakaziunganisha haja za klabu na dhana ya vipande, wakapata fedha za utafiti mwaka wa 2003, na tarehe 15 Mei 2007 wakaitangaza hadharani programu ya Scratch, bure kwa kila atakaye. Kiongozi wa uandishi wake alikuwa John Maloney, aliyewahi kufanya kazi na Alan Kay, naye aliiandika kwa Squeak, mtoto wa ile Smalltalk. Hivyo mito miwili iliyoachana Lexington ikakutana.

Mwanafunzi anayeanza huona kioo kimegawanyika sehemu tatu: upande mmoja ghala ya vipande vilivyopangwa kwa rangi, vya mwendo, vya sura, vya sauti, vya uamuzi na vinginevyo; katikati uwanja wa kuviunganishia; na upande wa pili jukwaa ambalo juu yake amesimama paka wa rangi ya machungwa. Jukwaa lina upana wa hatua 480 na kimo cha hatua 360, na sifuri iko katikati, kwa hiyo mtoto anayetaka paka aende kushoto ya kitovu hukutana na namba hasi siku ya kwanza na kuiona ina kazi, jambo ambalo kitabu cha hesabu hulichukulia majuma kuthibitisha. Kila kipande kina umbo linalosema mahali pake: chenye mgongo wa mviringo huanza kazi na hakuna kinachoweza kuwekwa juu yake, chenye umbo la kukumbatia hurudia au huamua juu ya yale yaliyo ndani yake, na lile tundu la pembe sita halikubali ila jambo la kweli au uongo. Kosa la tahajia limetoweka, kwa sababu visivyopatana havishikani. Kosa la fikra limebaki palepale, na ni vizuri limebaki.

Tuseme mtoto ataka mchezo wa samaki mkubwa anayewala wadogo. Hubonyezwa bendera ya kijani na mchezo huanza; samaki mkubwa ameamriwa amfuate kipanya daima; samaki mdogo anaogelea, akifika ukingoni hugeuka; akiguswa na mkubwa hujificha, sauti ya kutafuna husikika, na baada ya kitambo huzuka mahali pengine pasipotazamiwa. Ili kinywa kifunge na kufunguka, samaki hupewa mavazi mawili, moja la kinywa wazi na moja la kinywa kilichofumbwa, na kubadilishana kwa mavazi hayo kwa haraka ndiko kunakoyadanganya macho, hila ile ile iliyozaa sinema. Resnick husimulia habari za kijana wa klabu aliyefika hapo hapo katika mchezo wa namna hii, akataka kuhesabu samaki walioliwa asijue namna. Alipoonyeshwa jinsi ya kuunda namba yenye jina, ambayo huongezeka kila tukio linapotokea, alinyoosha mkono akamshukuru Resnick tena na tena. Naye Resnick huuliza ni walimu wangapi wa aljebra waliowahi kushukuriwa na mwanafunzi kwa kumfundisha namba zibadilikazo.

Scratch imeandikwa upya mara mbili, ikatolewa mwaka wa 2013 na tena tarehe 2 Januari 2019, ili iende na mabadiliko ya intaneti na vyombo vya mkononi. Na mwaka wa 2014 ilizaliwa ndugu yake mdogo, ScratchJr, kwa watoto wa miaka mitano hadi saba, iliyotengenezwa pamoja na Marina Bers, aliyekuwa wakati huo katika chuo cha Tufts, ambamo amri hazina maneno bali alama za picha. Perlman alikuwa amewatangulia kwa miaka arobaini. Papert alifariki mwaka wa 2016, akiwa ameona kobe wake amesahaulika kwa jina na kuenea kwa tabia kuliko wakati wowote.

Afrika Mashariki imo katika tarehe hii. Rwanda, kuanzia mwaka wa 2008, iligawa shuleni kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa One Laptop per Child, uliojengwa juu ya fikra za Papert, na ndani yake mlikuwamo kobe anayeongozwa kwa vipande. Kenya, mwaka wa 2022, kwa idhini ya taasisi yake ya ukuzaji wa mitaala, ilikubali mtaala wa kutunga programu kwa shule za msingi na sekondari. Na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha ambazo vipande vya Scratch huandikwa, hivyo mtoto wa Tanga au Kisangani aweza kumwamuru paka kwa ulimi wake mwenyewe.

Wapo wasemao kwamba vipande ni mchezo wa watoto, na kwamba ilmu ya kweli huanza pale mtu aandikapo mistari ya alama. Ni kweli kwamba kazi kubwa hushindikana kwa vipande, na anayetaka kuwa fundi atavuka siku moja. Lakini kurudia, kuamua, kuhesabu na kutafuta kosa ni yale yale katika lugha zote za kompyuta, na aliyeyashika kwa vipande hatayasoma mara ya pili. Hofu yangu iko kwingine, katika ule ugonjwa ulioiua Logo. Kwa hiyo nawasihi walimu wetu, sasa ambapo somo hili linaingia katika ratiba: mkiisha kuwaonyesha watoto vipande vichache vya kuanzia, msiwatungie mchezo wa kunakili ubaoni, waulizeni wanataka kutengeneza nini, kisha wapeni muda wa kutosha.